Sheria ya umri wa kuolewa: wabunge wapige kura kwa majina au waendelee na "ndiyo" ya pamoja?

Wadau wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, naileta hoja hii tuichambue.

Ukivuka mpaka pale Kasumulu, Kyela, umeingia Malawi. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga ni ndugu: wanaoana, wanazikana. Katiba ya Malawi ilikuwa inaruhusu mtoto wa miaka 15 hadi 18 kufunga ndoa wazazi wakiridhia. Februari 2017 Bunge lao likapiga kura kuibadilisha Katiba. Wabunge 131 wakaunga mkono, na umri ukawa 18.

Huku kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, ilimwekea mvulana miaka 18 na msichana 15. Cha 17 kinataka ridhaa ya baba kwa binti ambaye hajafika 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, akashinda Julai 2016, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Tukaambiwa maoni ya wadau yanakusanywa, viongozi wa dini wakiwemo. Bunge la 12 limemaliza muda wake 2025 kifungu kikiwa vilevile.

Sasa angalieni mkanganyiko. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayemuoa mwanafunzi anaweza kwenda jela miaka 30. Chukua mabinti wawili wa miaka 16, majirani hapo Rungwe. Mmoja yuko kidato cha pili, mwenzake aliishia darasa la saba, yuko nyumbani anachuma chai. Anayemposa wa kwanza anatafuta kifungo. Anayemposa wa pili anapeleka mahari mchana kweupe, wazee wanakaa, ndoa inafungwa kwa mujibu wa kifungu cha 13. Huyu aliyekosa shule, ambaye ndiye mwenye shida zaidi, ndiye sheria ilimwacha nje. Nani alikaa akaona hiyo ni haki?

Hoja yangu ni hii: muswada ukirudi Dodoma, kila mbunge aitwe jina, asimame, aseme ndiyo au hapana, iandikwe. Katiba inabadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kwa hiyo lazima wahesabiwe. Sheria ya kawaida, kama hii ya ndoa, inaweza kupita kwa sauti tu: wanaoafiki waseme ndiyo, imekwisha. Mimi wa Kyela nitajuaje mbunge wangu alisema nini, au kama alikuwepo ukumbini? Bajeti kila Juni wanaitwa mmoja mmoja. Mtoto wa kike hana uzito wa bajeti?

Najua kuna watakaosema kura ya wazi inamweka mbunge pabaya mbele ya sheikh, mchungaji na wazee wa ukoo. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilivutana sana juu ya hili, mwisho wakaruhusiwa wengine wapige wazi, wengine siri. Siikubali hoja hiyo. Kura yangu mimi ni siri kwa sababu ni yangu. Ya mbunge ameibeba kwa niaba yangu, na mwenye mali lazima aone.

Wazazi wanaosema "binti ameshapata mimba, bora aolewe asiadhirike" siwadharau. Wengi wao ni maskini na wanaogopa maneno ya watu. Lakini tangu 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi darasani, hivyo ndoa si njia pekee iliyobaki.

Mnaopinga kura ya majina, nielezeni mbunge anamficha nani msimamo wake. Na mnaotaka tuige Malawi, umri uandikwe kwenye Katiba yenyewe, mnadhani theluthi mbili itapatikana?

Nawasilisha.