Kwaresima ina matumaini gani kwa moyo uliochoka?

Swali, kutoka Moshi
Tumsifu Yesu Kristo. Huu ni mwaka wa tatu naingia Kwaresima nikiwa mjane. Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu, nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni bila kuwasha moto, nikijiuliza kama kufunga si kuongeza njaa juu ya majonzi. Mahubiri ninayosikia ni ya dhambi na toba, nami siyakatai, ila naomba kuelezwa: matumaini yamo wapi katika siku hizi 40?

Katekista mstaafu
Milele amina. Pole sana, mama. Soma Luka 13:6-9. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu akitafuta matunda katika mtini asipate, akaamuru ukatwe. Mtunzaji akamsihi auache mwaka huo nao, ili aupalilie na kuutilia samadi. Mtini wenyewe haukuambiwa ujitahidi, kwani kazi yote ya jembe na samadi aliibeba mtunzaji. Nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi, na naamini tunakosea tunapoigeuza Kwaresima kuwa mashindano ya kujinyima, ilhali ni majira ya kukubali kupaliliwa. Hata majivu uliyopakwa, kwa desturi, hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, yale tuliyoyapunga tukiimba Hosana.

Mwanajumuiya
Dada yangu, usijitese. Kanisa Katoliki linatudai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa halazimiki. Isaya 58 inaitaja saumu ya kumgawia mwenye njaa chakula chako, na hiyo unaweza kuishika hata ukiwa umekula. Mwaka niliofiwa na mama yangu sikuweza kuimaliza Baba Yetu nikiwa peke yangu. Kilichonibeba ni Njia ya Msalaba, ibada ya kukumbuka mateso ya Yesu, ya kila Ijumaa, maana pale wenzako husali kituo hadi kituo, vyote 14, nawe ukishindwa kutamka unapiga magoti pamoja nao tu.

Muulizaji
Asanteni sana. Miaka mitatu ya mtini ule imenigusa, kwa kuwa migomba iliyo nyuma ya nyumba marehemu ndiye aliyekuwa akiihudumia, na tangu afariki sijaitilia samadi hata ndoo moja. Ijumaa nitakwenda kanisani, nikae benchi la nyuma. Jumamosi, mvua ikiruhusu, nitaanza na mgomba ulio karibu na mlango.