Kituo cha "Kwa Remmy" pale Sinza, huyu Remmy alikuwa nani jamani?

mkaadirishani

Wakuu habari za mchana. Naomba kuelimishwa bila kutukanwa tafadhali. Mwaka wa tatu huu napanda daladala kila siku kwenda kibaruani na kila siku konda anaita "Kwa Remmy wapo?", watu wanashuka wanapanda, na mimi muda wote nilijua Remmy ni mwenye baa au glosari fulani ya zamani, maana vituo vya Dar ndo vilivyo, kwa fulani kwa fulani, ukiuliza unaambiwa palikuwa na mwembe ukakatwa.

Sasa juzi tulikuwa kwenye msiba wa jirani, usiku wa manane vijana wameweka spika wanapiga vitu vyao, mzee mmoja akaja akaomba wimbo unaitwa Kifo wa Remmy Ongala. Aisee ulivyoanza tu hata wale waliokuwa wanacheza karata wakaziweka chini. Hakuna aliyeongea mpaka unaisha. Nikamuuliza mzee wa pembeni yangu huyu Remmy ndo yule wa kituo? Nilichekwa mpaka nikajuta kufungua mdomo. Mimi wa 2001 jamani, nani angeniambia?

Alikuwa nani na alifanya nini mpaka kituo kikaitwa kwa jina lake?

babu_wa_betri

Dogo usione aibu, hao waliokucheka waulize Matimila ni nini uone watakavyohangaika.

Ndo huyo huyo. Kituo kinaitwa hivyo kwa sababu alikuwa anakaa hapo Sinza, watu wakawa wanasema nishushe kwa Remmy, nishushe kwa Remmy, basi likabaki. Jina lake Ramadhani Mtoro Ongala, kazaliwa Kindu kule Kongo mwaka 1947. Inasimuliwa alizaliwa na meno mawili ya mbele yameshaota, na mama yake alikuwa ameshapoteza watoto kabla yake, mganga akasema huyu mtoto asinyolewe nywele. Mtu wa namna hiyo kwao anahesabiwa mganga toka tumboni, ndo unasikia watu wanamuita Dokta Remmy. Hakusomea udaktari. Na zile rasta watu walidhani ni za kumuiga Bob Marley, kumbe mzizi wake ni huko.

Kaja Dar 1978 kupiga kwenye bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, baadaye akaingia bendi ya Matimila, ambayo ni jina la kijiji huko Songea, na akiwa kiongozi ikaja kuitwa Super Matimila. Hapo ndo Remmy akawa Remmy. Enzi hizo bendi nyingi zinaimba mapenzi, fulani kaniacha, fulani karoga, au unaimba ujamaa na kilimo. Yeye akawa anaimba mlalahoi. Anaimba mtu aliyekosa kodi ya nyumba na anaimba kifo kinavyochukua bila kuchagua, tena anaongea katikati ya wimbo kama mtu yuko kijiweni anakusimulia, mara anacheka, mara anauliza swali, halafu magitaa yanaingia unajikuta umesimama.

Nikupe moja nililoliona kwa macho yangu. Mwaka 1990 au mmoja mbele hapo alitoa Mambo kwa Soksi. Soksi si ya mguuni, elewa hapo. Ukimwi ulikuwa unamaliza watu na hakuna aliyethubutu kutamka kondomu mbele ya wakwe. Radio Tanzania wakaukataa, hawakuupiga. Na redio ilikuwa hiyo hiyo moja, ukinyimwa pale umenyimwa nchi nzima. Lakini sisi tuliupata. Kulikuwa na kibanda cha kurekodia mtaani kwetu, unapeleka kanda tupu na karatasi umeandika nyimbo unazotaka, unarudi kesho yake. Kaka yangu aliandika nyimbo kumi na hiyo akaiweka ya mwisho upande B ili mama asifike huko. Betri zetu zilikuwa zimeisha tukazianika juu ya bati kutwa nzima, jioni tukazirudisha kwenye redio, tukasikiliza kwa sauti ndogo chini ya mwembe, wimbo ulipofika kwenye soksi betri zikaanza kuchoka, sauti ya Remmy ikawa inavutika kama mlevi. Tukazing'ata betri matakoni (wazee wenzangu wanajua) tukamalizia. Mama alikuwa dirishani muda wote. Hakusema kitu. Kesho yake akamwambia kaka, "Umemsikia huyo mzee wa nywele?"

Hayo ndo mafunzo ya ukimwi tuliyopata sisi.

Ridhimu77

Babu umeandika vizuri ila nyie watu mkianza Remmy huwa mnasahau kuna watu walimtangulia na walikuwa wakubwa zaidi. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na gitaa ambalo mpaka leo vijana wanalitafuta kwenye vidole hawalipati. Bendi yake Morogoro Jazz walienda mpaka Osaka Japani kwenye maonyesho ya 1970, dogo unajua hiyo? Mwimbaji Marijani Rajabu Jabali la Muziki kafa 1995 hajafika hata miaka 45. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba kafa kwa ajali 1965. Mbona hao hawana vituo vya daladala?

Na kingine, Remmy alikuwa Mkongo.

babu_wa_betri

Ridhimu hakuna aliyesema Remmy kamzidi Mbaraka, dogo kauliza kituo. Na Ukongo wake unatuhusu nini, alichukua uraia, kaishi hapa, kazeekea hapa, kafa hapa Dar Desemba 2010. Ukianza kuwatoa Wakongo kwenye dansi la Dar utabaki na nini, bendi ya Wakongo ya Maquis utawaweka wapi?

mwana_wa_maniema

Miye ni mtu wa Kindu, niko Dar kwa biashara. Nasoma tu hapa nacheka. Kwetu tunasema Remmy ni mtoto wetu na nyie munasema ni wenu, yeye mwenyewe aliimba Kiswahili na Kiswahili kiko kwetu pia, si cha Dar peke yake. Watu wengi wanazani kila Mkongo anaimba Lingala. Mkoa wetu wa Maniema tunaongea Kiswahili toka zamani sana, baba zetu na mama zetu. Kwa hiyo alipofika kwenu hakujifunza luga mpya, aliizoeza tu sikio.

besi_la_zamani

Mimi nilipiga besi kwenye bendi moja ndogo ya mtu binafsi miaka ya themanini, sitaitaja na mwenye bendi simtaji maana watoto wake wapo. Nataka niongeze kitu ambacho hamsemi.

Bendi zile wanamuziki hawakumiliki kitu. Kulikuwa na mwenye vyombo. Gitaa si lako, ampu si yako, hata jina la bendi si lako. Zingine mwenye vyombo ni jumuiya au shirika la umma, NUTA, Vijana, Polisi, Magereza, hapo angalau una mshahara na ukiumwa unatibiwa. Zingine mwenye vyombo ni mfanyabiashara, na Matimila ilikuwa ya namna hiyo. Ukigombana naye anafunga stoo, mnaenda nyumbani. Ndo maana wanamuziki walikuwa wanahama kila siku, leo huku kesho kule, mashabiki wanadhani ni usaliti kumbe njaa.

Kurekodi ilikuwa RTD, yaani Radio Tanzania. Mashairi yanasomwa kwanza na wakubwa, yakipita mnaingia studio mnapiga wote kwa mpigo mmoja, hakuna cha kuingiza sauti baadaye, mpuliza tarumbeta akikwaruza mwishoni mnarudi mwanzo. Nilishawahi kurudi mwanzo mara saba, kwa kosa la mtu mwingine, saba, vidole vimevimba. Malipo kiduchu, kanda inabaki kwa redio. Sahani za santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, hapa hapakuwa na kiwanda, halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, basi tena.

Halafu vile vibanda anavyovisifia Babu. Babu usinichukie, ila kila kanda mliyojaza pale sisi hatukuona hata senti. Nilipita siku moja Kariakoo nikasikia besi langu mwenyewe linatoka kwenye spika ya kibanda, nikaingia, nikamwambia kijana huyo anayepiga besi ni mimi, akaniambia "Mzee unanunua hununui?" Nikanunua. Sheria ya hakimiliki inayoeleweka imekuja 1999, wengi wa kizazi chetu walishazikwa au walishaacha muziki wanauza mitumba.

Remmy alibahatika kidogo kwa sababu kanda yake ilifika Uingereza, wakamuita na bendi kwenye matamasha ya WOMAD 1988, halafu akarekodi kwenye studio za mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel, albamu moja ikatoka 1989 na nyingine 1992. Ya kwanza aliipa jina la nyimbo za maskini. Unaona? Kafika Ulaya kwenye studio ya kifahari na bado anawaimba wale wale wa Manzese.

Ridhimu77

Mzee wa besi heshima yako. Hapo nimekuelewa. Ila ya Mbaraka nimeyasema na sirudi nyuma 😀

likoni_girl

Wacha nimtetee Ridhimu kidogo mimi wa Mombasa. Huku kwetu Mbaraka ni kama wa nyumbani, alipata ajali huku huku Januari 1979 na akafia huku, alikuwa na miaka 34 tu, tayari ashatoka Morogoro Jazz yuko na Super Volcano yake. Mamangu alikuwa msichana mkubwa wakati huo, mpaka leo ukipigwa ule wimbo wa Shida kwa redio huacha anachofanya, hata kama ni chapati iko kwa moto, na sisi tushazoea, mtu mmoja hukimbia kugeuza chapati. Sitii chumvi.

Lakini nitasema pia Remmy tulimskiza sana huku. Kwa harusi hapana, lakini kwa gari za masafa, Mombasa Malindi usiku, dereva ashachoka, hapo ndo utaskia Remmy.

Swali langu kwa mzee wa besi, ni kweli mwishoni aliacha dansi akaingia kwa injili?

besi_la_zamani

Kweli mwanangu. Alipata kiharusi, akaugua muda mrefu, akaokoka, akawa anaimba injili. Kuna waliomcheka, wakasema Dokta kaogopa. Mimi sikuona ajabu, mtu aliyeimba kifo miaka yote hiyo alikuwa anahubiri siku nyingi, kilichobadilika ni ukumbi.

mkaadirishani

Wakuu sikutegemea haya yote, nimesoma nikiwa foleni ya mwendokasi mpaka nimepitwa na basi mbili.

Jana usiku nimekaa na earphone nikasikiliza Remmy saa tatu mfululizo kwenye simu. Mwanzoni niliona nyimbo ndefu, dakika nane, dakika kumi, nikawa nataka kuruka mbele kama ninavyofanya za sasa hivi. Halafu kuna sehemu anaacha kuimba anaanza kuongea, nikaacha simu chini. Nilichogundua ni kwamba kumbe hiki kitu cha kuongea na mnyonge ndani ya wimbo nilikisikia kwa Professor Jay na Sugu wa bongo fleva nikadhani wao ndo walianzisha. Na lile gitaa dogo linalozunguka nyuma nadhani nimeshalisikia kwenye singeli, au naota.

Asubuhi nikamuuliza konda, mkubwa unamjua Remmy? Akanijibu Remmy nauli ni ile ile, unashuka hushuki?

Babu, ile kanda yenye soksi upande B, bado ipo?

babu_wa_betri

Ipo, kaka aliniachia. Redio ya kuipigia ndo sina. Mwenye redio ya kaseti nzima aliye karibu na Mabibo aniambie, betri nitaleta mimi.

besi_la_zamani

Ninayo, mkanda wake umelegea ila inazunguka. Njoo Jumapili. Na usilete za juu ya bati.