Tupeane uzoefu: uliachaje kumsimamia mwenzio imani yake, ukarudi kwenye yako?

MamaTanga (mwanzisha mada)

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni kwa wote.

Nina miaka 57, naishi Tanga mjini. Kitinda mimba wangu ana miaka 22. Alipomaliza chuo akarudi nyumbani, na swala akaiacha. Basi nikajipa kazi. Adhana ya alfajiri ikilia nagonga mlango wake, mara ya kwanza kwa kidole, mara ya pili kwa kikombe cha bati. Kisha naenda kwenye mswala wangu, nafunga swala, lakini masikio yote yako uani: bomba limefunguliwa? Anatawadha, au amegeukia upande wa pili? Alfajiri ni rakaa mbili tu, nami nilikuwa nasahau kama niko ya kwanza au ya pili. Nikawa naleta sijda ya kusahau karibu kila siku. Ilikwenda hivyo miezi mingi.

Siku moja kwenye darsa la akina mama ustadhi alifika Suratul Qasas, aya ya 56. Akatueleza kuwa wanazuoni wa tafsiri wanaihusisha na Abu Talib, ami yake Mtume, aliyemlea na kumkinga na Makureshi. Saa yake ya mwisho Mtume alikuwa kando yake akimsihi atamke shahada, na hakutamka. Ndipo ikaja aya ya kumjulisha kwamba kumwongoa umpendaye hakuko mikononi mwake. Shungi langu lililowa. Wenzangu walidhani namlilia kijana. Nilikuwa najililia mwenyewe, maana nilirudi nyuma nikahesabu, nikaona tangu nianze kugonga ule mlango sijaswali swala moja iliyo yangu.

Niliporudi nyumbani kile kikombe nilikitia kabatini. Wiki ya kwanza ilikuwa nzito kuliko funga yoyote niliyowahi kufunga: adhana inalia, mkono unaniwasha. Nikaanza kuamka nusu saa kabla, nasoma kurasa mbili za Qurani polepole, ili adhana inikute tayari nina mazungumzo na Mola wangu.

Nawaombeni wenye uzoefu. Mume, mke, mtoto, ndugu, muumini mwenzio. Ulimshikilia vipi, ukamwachia vipi, na baada ya hapo wewe mwenyewe ulikwenda wapi? Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi.

Mama wa Kibosho

Dada yangu, pole na hongera. Mimi Mkatoliki, na wangu ni mume na pombe.

Nilikuwa bingwa wa kunusa. Anaingia getini, namkimbilia nimpokee mfuko, kumbe namnusa. Usiku nasoma meseji za pesa kwenye simu yake, katoa ngapi, saa ngapi. Jumuiya ikija kusali kwetu, nia yangu ilikuwa ileile kila mara, naitaja kwa sauti ili aliye chumbani asikie.

Kilichonivunja ni kitubio. Nilipiga magoti nikaanza: mume wangu amerudi kulewa, mume wangu ameuza mbuzi, mume wangu haji Misa. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, hizo za baba nimezisikia. Za kwako ni zipi?" Nilinyamaza. Wallahi, kama wasemavyo ndugu zetu, sikuwa na la kutaja. Si kwamba sikuwa na dhambi. Nilikuwa sijajitazama muda mrefu mno.

Baadaye mama mmoja wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, alinisimulia habari za Mtakatifu Monika kwa upande nisioujua. Tumezoea kuambiwa alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi mpaka akaongoka, nasi tunatoka pale tumejipanga kulia zaidi. Yule mama akanipa kipande cha meli. Monika alikuwa amemshika kijana asiondoke Kartago bila yeye. Kijana akamdanganya, mama akalala kwenye kikanisa cha pwani akisali, asubuhi meli imeshakwenda Roma. Na miaka kabla ya hapo, askofu mmoja aliyesumbuliwa aende kubishana na kijana alikataa, akamwambia amwache kwanza, amwombee tu. Augustino alibatizwa Milano Pasaka ya mwaka 387, na mama akafariki mwaka huohuo.

Mimi nilibaki na ule usiku wa kikanisani. Kile alichokuwa akikizuia kilipita, na yeye alikuwa mbele za Mungu. Sasa Jumatano naenda Misa ya asubuhi peke yangu. Nimegundua nina uchungu na mama yangu mzazi, wa miaka thelathini, nilioufunika kwa pombe ya mume. Huo ndio ninaoupalilia sasa, na ni kazi kubwa kuliko kunusa.

Baba bado anakunywa. Simu yake siigusi.

Mpemba Muscat

Wangu ni wadogo zangu wanne kule nyumbani. Nikituma riyali natuma na amri: huyu asome hiki, huyu asiolewe na yule, huyu aache kucheza dufu. Baba alipofariki nilijifanya baba. Siku moja dada yangu wa tatu akanirudishia pesa, zote, akasema kaka hizi zina mdomo. Iliniuma sana. Nikakaa siku nyingi nikijiuliza hii ninayoiita sadaka ni sadaka gani ikiwa nadai malipo ya utii. Sasa natuma na dua, basi. Kuitakasa nia bado najifunza, kila mwisho wa mwezi nafsi inanijia na orodha yake.

Kakake Brayo, Nairobi

Mama wa Kibosho, umenigusa. Wangu ni ndugu yangu mdogo na pombe ya changaa. Nimelipa deni zake, nimempigia bosi wake simu kusema mgonjwa, nimemtoa seli mara mbili. Rafiki akanipeleka kwenye mkutano wa Al-Anon, kikundi cha jamaa za walevi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951 na wake wa walevi waliokuwa wakipona. Pale hamna anayekuuliza mlevi wako yuko aje. Wanakuuliza wewe uko aje. Wanafundisha mambo matatu: hukuuleta ulevi wake, huwezi kuutawala, huwezi kuuponya. Hilo la kwanza ndilo lilinitoa machozi, kwa sababu mimi ndiye nilimnunulia chupa ya kwanza.

Niseme kitu kwa wanaoanza: kumwachia si kumnunia. Ndugu yangu akija anakula. Kodi ya nyumba silipi tena.

Baba Watatu, Dodoma

Naheshimu michango, ila hapa tuwe makini. Nina mtoto wa miaka 13. Nimwache naye asisali, asiende shule, nikisema najenga roho yangu? Hiyo naona ni kutelekeza.

MamaTanga

Hapana, baba, na ahsante kwa kulisema. Wa miaka 13 ni amana yako, mwamshe, mkalishe, mfundishe. Luqman alimuusia mwanawe kwa maneno mazuri mpaka sura ikaitwa kwa jina lake. Na Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, na mwanawe akakataa kupanda safina. Alimwita, na sauti ya baba imo ndani ya Qurani mpaka leo. Alimwita, hakumfunga kamba. Mimi wangu nilimwita akiwa na miaka saba, kumi, kumi na tano. Sasa ana ndevu. Kumwita mtoto na mtu mzima kwa kikombe kilekile ndiko kulikonipoteza.

Uchungu bado upo, msidhani umeondoka. Ijumaa nikimuona amelala adhana ya mchana inalia, moyo unafanya vilevile. Tofauti ni kwamba sasa naupeleka kwenye sijda, nauacha pale.

Binti Pangani

Shikamoo Bi Mkubwa. Samahani kwa kuuliza, kijana anaswali sasa?

MamaTanga

Marahaba mwanangu. Sijui. Mswala wangu nimeuhamishia chumba cha nyuma, bomba halisikiki huko.