Wikendi mjini na watoto: ulijipangaje, na nini kilikukuta? Tupeane uzoefu

Mama Mapacha
Wadau, habari za jioni. Leo nimemwona mama mmoja nje ya duka anazunguka huku na huku akiita jina la mtoto, sauti imeshamkauka. Mtoto alikuwa nyuma ya mlango tu na akapatikana, lakini nimerudi nyumbani mikono bado inatetemeka. Sisi Jumamosi tunakwenda mjini na wanetu, mapacha wa miaka mitano na dada yao wa miaka tisa, tutalala usiku mmoja. Nataka wafurahi, na nataka nirudi nao wote watatu. Mliokwisha kwenda mlifanyaje? Na yaliyowakuta semeni, msifiche.

Baba wa Watatu
Ratiba kwanza. Safari yetu ya mwanzo tulipanga sehemu sita kwa siku moja. Kufika ya tatu, mdogo amejilaza sakafuni mbele za watu, wa kati anataka choo, mimi na mama yao hatusemeshani. Siku hizi ni sehemu mbili tu. Ya kwanza tunaiwahi asubuhi milango inapofunguliwa, watu bado wachache na watoto wana nguvu. Kisha wale, walale. Ya pili jioni, iwe ya kukimbia tu, bustani au uwanja wa bembea. Na pigeni simu kabla. Tumewahi kufunga safari hadi makumbusho tukakuta pamefungwa kwa ukarabati, kile kilio bado nakisikia.

Kitindamimba
Sehemu mbili. Naunga mkono kabisa.

Shangazi Mkubwa
Kila asubuhi kabla hamjatoka, mpigeni kila mtoto picha akiwa na nguo za siku hiyo. Akipotea, swali la kwanza utakaloulizwa ni amevaa nini, na hapo kichwa kinakuwa cheupe. Mimi nilisema shati la bluu, kumbe alikuwa na la njano. Namba ya simu iandikeni kwenye mkono wake kwa kalamu ya wino usiofutika upesi. Jina lake msiliandike nje ya begi wala kwenye fulana. Mtu baki akimwita kwa jina, mtoto anaamini anajulikana.

Mlezi wa Zamu
Sisi tunatumia ile mikanda yenye kamba, mtoto anaivaa kifuani, wewe unashika upande wa pili.

Babu wa Wajukuu Saba
Mtoto si mbuzi.

Mlezi wa Zamu
Shikamoo babu. Wangu alichomoka mkononi mwangu akaingia barabarani, gari likasimama hatua mbili kutoka alipo. Tangu siku hiyo maneno yote nayasikia, na kamba naifunga.

Babu wa Wajukuu Saba
Marahaba mwanangu. Pole sana. Lakini mshike kwenye kifundo cha mkono, usishike vidole. Vidole vinateleza.

Kitindamimba
Babu, kifundo sawa, ila asimvute kwa nguvu. Kiwiko cha mtoto mdogo kinateguka upesi, wangu aliteguka nikimvusha barabara.

Mama Kifunguamimba
Sikutaka kuandika, lakini haya ya mkono yamenirudisha mbali. Mkubwa wangu alikuwa na miaka minne, mdogo wake yuko kwenye kigari. Tuko ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, tunasubiri lifti. Ikafunguka, akaingia mbio, na mimi gurudumu la kigari likanasa kwenye ule upenyo wa mlangoni. Nikainama kulinyanyua. Kuinua macho, milango inakutana. Uso wake niliuona. Alikuwa bado anacheka, hajajua.

Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Namba juu ya mlango ikaonyesha 2, ikakaa. Ikaonyesha 1, ikakaa. Halafu ikashuka chini kabisa, kwenye maegesho ya magari. Kigari hakishuki ngazi, na mtoto simwachi. Nikamchomoa mchanga, kigari nikakitelekeza pale pale pamoja na mkoba wenye simu, nikashuka. Ya pili nimefungua mlango nimeita, kimya. Ya kwanza, kimya. Watu wananitazama tu. Kule chini nikasikia gari moja linawashwa, na hapo miguu ikaniisha nguvu, nikakaa kwenye ngazi na mtoto kifuani.

Kumbe alikuwa ile ya pili. Mlango ulipofunguka mara ya kwanza alitoka, mama mmoja mfanya usafi akamwona, akapindua ndoo yake na kumkalisha juu yake nyuma ya nguzo ili watu wasimpige kikumbo. Ndiyo maana nilipita nisimwone. Hakumpeleka popote. Alimwambia tu, "Mama yako atakuja hapa hapa." Mwanangu hakulia. Nililia mimi, hadi usiku.

Kitindamimba
Daah. Nimesoma nimesimama.

Babu wa Wajukuu Saba
Pole mwanangu. Mungu amjalie huyo mama mwenye ndoo.

Msafiri Mpole
Sasa kanuni ni ipi? Mtoto ashuke au abaki ndani? Wangu nimemfundisha abaki, lifti itarudi.

Mama Kifunguamimba
Kaka, itarudi saa ngapi na imebeba nani?

Baba wa Watatu
Ashuke mlango unapofunguka, akae hapo hapo karibu na lifti, mzazi ndiye anamfuata. Hata kwenye treni ni vivyo hivyo, anateremka kituo kinachofuata na haondoki. Mtoto akianza kukutafuta na wewe unamtafuta, mnapishana.

Msafiri Mpole
Na kama ghorofa yenyewe ni ya giza, haina watu?

Shangazi Mkubwa
Basi msifike huko. Mtu mzima anaweka mkono mlangoni, anaingia pamoja na mtoto, kigari kinafuata.

Msafiri Mpole
Mnatisha watu jamani. Watoto wanahitaji kuzunguka. Mimi wangu akilala namwacha garini, kioo nakishusha kidogo, nakwenda kukata tiketi, dakika tano nimerudi.

Shangazi Mkubwa
Hapana kaka, hapo sikubali. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto linapanda kama nyuzijoto 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na kioo cha kushushwa kidogo hakibadilishi kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo unapata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wetu.

Msafiri Mpole
Hata foleni ikiwa fupi, dada?

Shangazi Mkubwa
Urefu wa foleni unaujua ukishakuwa ndani yake. Mamsapu wako akate tiketi, wewe ukae naye. Kama uko peke yako, mbebe amelala hivyo hivyo.

Kitindamimba
Mnamgombeza lakini nusu yetu humu tumefanya.

Msafiri Mpole
Sawa. Nimeelewa, nitambeba.

Mlezi wa Zamu
Mama Mapacha, hoteli ina bwawa? Tulikuwa wazazi sita tumelizunguka, kila mmoja anajua mwenzake anaangalia. Binti wa dada yangu akazama hatua chache kutoka kwenye viti vyetu. Hakupiga kelele wala hakurusha maji. Aliyemwona ni mtoto mwenzake. Anayezama mdomo uko majini, atapigaje kelele? Sasa tuna zamu: mmoja anatazama dakika kumi na tano, hana simu, hana hadithi, kisha anamkabidhi mwingine kwa kumtaja jina. Na yale maboya ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea, msiyaamini.

Dereva Mstaafu
Ngazi za umeme nazo. Makubazi laini ya mpira hunaswa pembeni. Mtoto asimame katikati, kigari kipande lifti.

Baba wa Watatu
Ila huyo wa miaka tisa mpe kazi. Ashike ramani, achague sehemu moja yeye mwenyewe. Wangu alichagua kwenda kutazama treni zinaingia na kutoka, saa nzima, bure, na ndiyo anayoikumbuka hadi leo.

Mama Mapacha
Nimesoma yote, asanteni. Sehemu nne nimefuta, zimebaki mbili. Binti amechagua maktaba ya watoto, sikutegemea. Mama Kifunguamimba, mwanao lifti anapanda siku hizi?

Mama Kifunguamimba
Anapanda. Mlango ukianza kufunguka ananishika kidole, sikumfundisha mimi.

Dereva Mstaafu
Kama chumba ni cha ghorofani, kabla hamjafungua mabegi sogezeni viti na meza mbali na dirisha na roshani. Mapacha wa miaka mitano wanapanda chochote.