Kaprizov: achaguliwe 2015, acheze NHL 2021. Kanuni zinasemaje?

Mtambuzi
Wakuu, nafuatilia safari ya Kirill Kaprizov, Mrusi anayecheza mpira wa magongo wa barafuni katika timu ya Minnesota Wild, na kuna mahali hesabu inanipiga chenga. Kachaguliwa 2015 kwenye drafti (timu hupeana zamu kuchagua chipukizi), raundi ya tano, nafasi ya 135. Mechi ya kwanza NHL, ligi ya Marekani na Kanada, ni Januari 2021. Timu ilimshikiliaje muda wote huo bila kumlipa hata senti? Halafu mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili, wakati chipukizi wengi husaini mitatu, na bado ukaisha baada ya msimu mmoja wa kucheza. Mwenye kujua kanuni anifafanulie.

GongoRefu
Mkuu, anza na haki za timu. Kwa kanuni za wakati ule, kijana aliyechaguliwa kutoka ligi za vijana za Kanada alitakiwa asainishwe ndani ya miaka miwili, la sivyo timu inampoteza. Wa Sweden au Finland, minne. Mrusi hakuwa na tarehe ya mwisho, kwa sababu NHL haikuwa na makubaliano ya uhamisho na Urusi. Minnesota wangeweza kumsubiri hata miaka kumi. Lakini hakuna dau la kuvunja mkataba wa KHL, ligi kuu ya Urusi, kama tulivyozoea kwenye soka: NHL ilikuwa inauheshimu mkataba ulio hai, basi. Kaprizov alitoka Metallurg Novokuznetsk, akapita Salavat Yulaev ya Ufa, na 2017 akaingia CSKA Moscow kwa miaka mitatu. Mikataba ya KHL wakati ule iliisha 30 Aprili, kwa hiyo mlango ulifunguka masika ya 2020, si kabla.

Na hakukaa bure kule. Fainali ya Olimpiki 2018 dhidi ya Ujerumani ilikuwa 3-3, muda wa nyongeza wa wanne kwa wanne. Patrick Reimer akaadhibiwa kwa kuinua gongo juu, Wajerumani wakabaki watatu. Nikita Gusev akavuta mabeki kwake, akamtupia Kaprizov, naye akaunganisha palepale bila kukituliza kisahani. 4-3, dhahabu. Mwaka uliofuata akachukua Kombe la Gagarin, ubingwa wa KHL, na CSKA.

Sasa urefu wa mkataba. Kinachoangaliwa ni umri wako ifikapo 15 Septemba ya mwaka unaosaini: miaka 18 hadi 21 ni mkataba wa miaka mitatu, 22 na 23 ni miwili, 24 ni mmoja. Kazaliwa 26 Aprili 1997, alikuwa na 23. Kikomo cha mshahara kwa waliochaguliwa 2015 kilikuwa dola 925,000 kwa mwaka, bila bonasi. Kwa hiyo kuchelewa Urusi kuna faida yake: unakatwa muda wa kulipwa kiasi cha chipukizi.

Mstari wa Bluu
Naongezea kuhusu huo msimu uliopotea. Alisaini 13 Julai 2020, na mkataba ukahesabiwa kuanzia msimu wa 2019-20 uliokuwa umesimama kwa korona. Waliosaini wakati ule hawakuruhusiwa kucheza mechi za mtoano zilizofuata. Mwaka mmoja ukaungua hivyohivyo, bila kugusa barafu. Ndiyo maana unaona msimu mmoja tu wa kucheza.

Ila watu husahau upande wa pili. Kwa aliyesaini akiwa na 22 au 23, ili timu nyingine iruhusiwe kumwekea ofa lazima awe na misimu miwili ya kitaalamu chini ya mkataba wa NHL, na msimu hauhesabiki bila mechi kumi. Msimu wa kwanza Kaprizov alicheza sifuri. Kwa hiyo kiangazi cha 2021 mkataba umeisha, kombe la chipukizi bora liko mkononi (mabao 27, pointi 51 katika mechi 55), lakini timu zote nyingine zimefungiwa nje. Kilichobaki kwake ni kugoma kusaini au kutishia kurudi Urusi, na ndiyo maana mazungumzo yalivutana hadi Septemba. Wakala anayechoma mwaka bila kulitazama hili anamuahidi mteja wake nguvu ambayo hana.

Mtambuzi
Shukrani sana, sasa nimeelewa. Na hizo dola milioni 136 za mkataba wake mpya zimepatikanaje, kama 2021 alikuwa amebanwa hivyo?

GongoRefu
Kwa sababu alikataa kufungwa muda mrefu. Alichukua miaka mitano kwa milioni 45, yaani milioni 9 kwa mwaka, wakati kikomo cha mishahara cha timu kilikuwa milioni 81.5. Mwisho wake ukaangukia 2026, akiwa na miaka 29 na huru kabisa. Angesaini minane angefungwa hadi 2029.

Kanuni inaruhusu kuongeza mkataba kuanzia 1 Julai ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo 2025 ndipo nguvu ilipohamia kwake. Jeraha lilikuwa limemwachia mechi 41 tu msimu uliotangulia, lakini ndani yake alifunga 25, na hilo likazima hoja ya timu. Alisaini mwisho wa Septemba: miaka minane, milioni 17 kwa mwaka. Zingatia pia kwamba makubaliano mapya ya ligi, yanayoanza Septemba 2026, yanashusha ukomo wa mkataba na timu yako kutoka miaka minane hadi saba. Aliuwahi ule wa nane.

Mstari wa Bluu
Na Minnesota ndiyo kwanza walikuwa wanapumua. Walipovunja mikataba ya wachezaji wao Zach Parise na Ryan Suter 2021, hesabu yao ya mishahara ilibeba zaidi ya milioni 14 za watu wasiocheza, kila msimu, 2023-24 na 2024-25. Mzigo ule ndio uliomnyima Kaprizov wenzake wa kumsaidia miaka yake mizuri, na kwa maoni yangu ndio uliomfanya avute muda kabla ya kusaini. Kikomo cha 2026-27 kimetajwa kuwa milioni 104. Kumi na saba humo ni asilimia 16 hivi. Mwaka 2021 alikuwa asilimia 11.