Mrejesho: Wauza mahamri wamebaki kiwanjani

Assalaam aleykum. Niliwauliza tufanyeje baada ya kina mama wauza mahamri na mbaazi mtaani kwetu, hapa Lamu mjini, kuambiwa kwa mdomo tu wahame, eti kiwanja kinajengwa maduka ya watalii. Kwanza shukrani kwa aliyesema niandike barua.

Niliandika nikitaja kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, pamoja na ile sheria ya 2016 ya kupata habari inayozipa ofisi za serikali siku 21 kujibu. Siku ya 17 nikaitwa. Ramani ikatandazwa mezani: kiwanja ni cha umma, na hakuna idhini yoyote ya ujenzi. Nikapewa jibu kwa maandishi. Dada yangu, anayeuza pale miaka mingi, alijifuta unga mikononi kwa leso kabla ya kuipokea karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la hela.

Mkutano wa mtaa ulikuwa mgumu. Vijana wa mashua wanataka wageni, na hawana makosa. Mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001 na wengi tunakula kwa wageni. Lakini mgeni naye hunywa chai pale pale. Mwisho tukakubaliana kina mama wabaki, na tuombe taa na mtaro wa maji machafu katika makadirio ya bajeti ya kaunti, ambayo kisheria hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ombi nimeshalipeleka, nakala yenye muhuri ninayo.