Naomba ushauri: Wi-Fi ya chuo inakwama kila jioni, tubadilishe AP zote au tuanzie kwingine?

KijanaWaICT
Wadau, salamu zenu. Mimi ni afisa wa ICT katika chuo binafsi hapa Nairobi, upande wa Thika Road. Idara ina watu wawili tu. Tunahudumia wanafunzi wapatao elfu mbili, walimu, maktaba, maabara za kompyuta na hosteli tatu za ghorofa nne nne. Uongozi umetenga pesa za kuboresha Wi-Fi kabla ya wanafunzi wapya kuingia Septemba, na pesa nyingine sizioni zikija karibuni. Nataka hizi zitumike panapostahili.

Hali ni hii. Tuna aksesi pointi arobaini hivi, yaani vifaa vinavyorusha Wi-Fi (nitaandika AP). Nyingi ni za kizazi cha Wi-Fi 5, na hostelini zimebaki chache za Wi-Fi 4 ya zamani zaidi. Zote zimefungwa koridoni. Asubuhi mambo ni shwari. Kuanzia saa moja jioni malalamiko yanaanza: simu inaonyesha mistari yote ya mawimbi lakini ukurasa haufunguki, na wengine wanakwama kwenye kupata anwani ya IP, ile namba ambayo kila kifaa hupewa ili kiingie mtandaoni. Ukumbini kukiwa na mtihani wa mtandaoni, wanafunzi wanakatika wakiwa katikati ya maswali. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu mtoto wa watu amelipa karo na amesoma usiku kucha. Grafu ya ruta inaonyesha laini yetu ya intaneti haifiki nusu hata saa tatu usiku.

Muuzaji mmoja ameleta bei ya kubadilisha AP zote ziwe Wi-Fi 6 na kuongeza nyingine ishirini. Hajapanda ngazi wala kufungua kabati moja la swichi (vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao), lakini mkuu wa chuo ameipenda karatasi yake. Je, AP mpya zitatutoa hapa? Na kama hazitatutoa, ningeanzia wapi? Pia naulizwa kila mara kuhusu eduroam, huduma ya Wi-Fi ya pamoja kati ya vyuo, kama chuo cha ukubwa wetu kinaihitaji.

DadaMitandao
Asante kwa kueleza vizuri. Hiyo grafu ya laini umeigusia kwa kupita, ila ndiyo yenye uzito. Laini haijai na watu wanakwama, basi tatizo liko ndani ya uzio wenu. Usisaini kitu kwanza.

Anza na wanaokwama kwenye anwani ya IP, kwa sababu hapo pengine huhitaji hata shilingi. Mtandao wa ukubwa uitwao /24 una anwani 254 za kugawa. Hosteli yenye vitanda mia mbili, kila mmoja na simu na laptopu, imeshapita hapo. Halafu angalia muda wa kushikilia anwani. DHCP (huduma inayogawa anwani) ya Windows Server isipoguswa humpa mtu anwani kwa siku 8, kwa hiyo mgeni aliyepita Jumatatu bado anaishikilia Jumapili. Panua hosteli iwe /22, upate anwani 1,022, na muda wa wanafunzi uushushe hadi saa mbili au tatu.

Sasa hewa. Wi-Fi ni kama baraza la kijiji: kwenye chaneli moja (njia moja ya mawimbi), akisema mmoja wengine wote hunyamaza, hata wakiwa kwenye AP tofauti, mradi wanasikiana. Kwenye 2.4 GHz, mojawapo ya masafa ambayo Wi-Fi hutumia (jingine ni 5 GHz), chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Ukiongeza AP ishirini kwenye korido zilezile, unaongeza wasemaji ilhali muda wa kusema ni uleule. Ndiyo maana simu inaonyesha mistari yote na hakuna kinachofunguka. Mawimbi yapo, nafasi ya kusema haipo.

Haya unaweza kuyafanya kwenye kontrola yenu ya sasa, yaani mfumo unaosimamia AP zote. Zima kasi za zamani za 802.11b, yaani 1, 2, 5.5 na 11 Mbps. Hiyo ni teknolojia ya 1999 na sidhani kama kuna kifaa chenu kinachoihitaji. Punguza majina ya mtandao. Kila AP hutangaza kila jina karibu mara kumi kwa sekunde, na hutangaza kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, hivyo chuo chenye jina la walimu, la wanafunzi, la maktaba, la wageni na la ofisi kinajimalizia hewa chenyewe. Yabaki mawili, yakizidi sana matatu. Kwenye 5 GHz, kama chaneli zimewekwa upana wa 80 MHz, zirudishe 20. Zitapatikana chaneli nyingi zaidi za kugawana, na mahali penye msongamano wingi wa chaneli unafaa kuliko upana. Mwisho shusha nguvu ya redio za 2.4 GHz, na nyingine uzizime kabisa pale zinapokaribiana mno.

Hosteli_B
Samahani kuingilia, mimi ni mwanafunzi wa chuo kingine lakini shida yetu ni hiyohiyo. Simu yangu haioni mtandao wa 5G wa hosteli kabisa, laptopu ya mwenzangu inauona. Je, wakizima ile nyingine sisi tutaenda wapi?

DadaMitandao
Swali zuri, na wahandisi wengi hulisahau. Hiyo ni 5 GHz, si 5G ya kampuni za simu. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ya 2.4 GHz pekee, kwa hiyo haiwezi kuzimwa jengo zima. Inapunguzwa kwa mpango, moja iwake na jirani yake izime, ili kila chumba kibaki na moja inayosikika vizuri.

FundiWaya
Dada amesema ya hewani, mimi niseme ya darini. Kijana, kabla hujafikiria AP mpya ingia kwenye swichi na uangalie kila porti ya AP imeungana kwa kasi gani. Ikionyesha 100 Mbps wakati swichi ni ya gigabiti, kebo ina kasoro. Gigabiti inataka jozi zote nne za waya. Jozi moja ikikatika au ikifungwa vibaya, porti hushuka hadi 100 bila kulalamika. AP ya Wi-Fi 6 juu ya kebo kama hiyo ni pesa iliyofungiwa ndani.

Halafu kuna kebo bandia, na hapa nawaomba mnisikie. Kuna boksi zimeandikwa Cat6 na ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Data inaweza kupita vizuri siku ya kwanza. Lakini AP inapata umeme kupitia kebo hiyohiyo, na aluminiamu hupinga umeme zaidi ya shaba, hivyo kebo ikiwa ndefu inapata joto na AP inajizima na kuwaka upya. Ukienda kununua Luthuli Avenue au popote, kwaruza waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, iache hapo. Hata uzito utakuambia, boksi la shaba tupu ni zito.

Kati ya jengo na jengo usipitishe shaba. Weka faiba. Radi ikipiga karibu, waya wa shaba unaobeba mshtuko kutoka jengo hadi jengo huchoma swichi za pande zote mbili.

MzeeSwichi
Vijana mmenena vyema. Naongeza umeme. Swichi za kiwango cha 802.3af hutoa 15.4 W kwa porti, na AP nyingi za Wi-Fi 6 zinataka 802.3at, yaani 30 W. Ukizipa kidogo hazikatai kuwaka, zinapunguza nguvu au kuzima redio moja, nawe utadhani umenunua kitu kibovu. Soma pia jumla ya swichi. Yenye porti 24 na bajeti ya 370 W inatosha 15.4 W kila porti, lakini haiwezi kutoa 30 W kwa zote, maana hiyo ni 720. Huyo muuzaji ameandika swichi kwenye bei yake?

Muulize na leseni: ikiisha, AP inaendelea kufanya kazi au inazima? Kuna mifumo ambayo usipolipia mwaka unaofuata vifaa vinakuwa mapambo ya dari. Jibu alitoe kwa maandishi.

KijanaWaICT
Nimerudi. Nimefanya mliyosema nikianza na yasiyo na gharama. DHCP ilikuwa ya siku 8 kweli, na hosteli zote tatu zilikuwa zinagawana /24 moja, mpangilio tuliourithi tangu chuo kikiwa kidogo. Tumepanua na kushusha muda, na malalamiko ya anwani ya IP yamekwisha. Majina ya mtandao yalikuwa sita, sasa ni matatu. Maktaba imetulia waziwazi.

Hosteli A na C zimepata nafuu. Hosteli B bado. Ni jengo la mawe ya Ndarugu, kuta nene, na nikifunga mlango wa chumba cha mwisho 5 GHz inapotea kabisa. Porti za huko nyingi zinasoma 100 Mbps. Swichi hazipo kwenye bei ya muuzaji, Mzee. Nimempigia, anasema tutazijadili baadaye.

FundiWaya
Basi hosteli B ndiyo kazi yako. AP za koridoni zinaonana zenyewe kwa zenyewe kwa sababu korido ni wazi, kwa hiyo zinanyamazishana, na wanafunzi wako nyuma ya ukuta wa mawe. Ziingize vyumbani, chumba kimoja kiruke kimoja, ghorofa ya juu zikipishana na za chini. Kuna ndogo za ukutani zinazotoa na porti ya waya kwa mwanafunzi wa laptopu. Kebo mpya ya shaba tupu kutoka kila AP hadi kabati la ghorofa, isizidi mita 100.

MzeeSwichi
Hapo mimi nasita kidogo. AP ndani ya chumba cha mwanafunzi hung'olewa, hufunikwa na nguo, na fundi hawezi kuingia bila ruhusa ya matroni. Ningejaribu kwanza korido zenye antena za mwelekeo.

FundiWaya
Mzee, naheshimu. Lakini antena haitoboi jiwe kwa 5 GHz, na simu ya mwanafunzi ina nguvu ndogo kuliko AP. Hata AP ikimfikia, yeye harudishi sauti. Ukuta ukiwa mzito, AP lazima iwe upande wa mtumiaji. Suala la matroni linapangwa: siku moja ya ukaguzi kila mwezi, na kifaa kifungwe kwa kufuli yake.

MzeeSwichi
Kwa jengo la mawe nakubali.

MhadhiriJioni
Mimi ni mwalimu, si wa mitambo, lakini niliwahi kwenda kongamano chuo kingine na laptopu ikaungana yenyewe bila kuuliza nywila. Wakaniambia ni eduroam. Hiyo ingetusaidia sana sisi tunaofundisha vyuo zaidi ya kimoja.

DadaMitandao
Mwalimu umeona faida yake halisi. Eduroam ilianza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapa kwetu inasimamiwa na KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti. Unaingia kwa jina lenye kikoa cha chuo chako, mfano jina@chuo.ac.ke. Chuo ulichotembelea kinapeleka ombi kwa seva ya RADIUS (inayohakiki majina na nywila) ya chuo chako, na ni chuo chako kinachosema ndiyo au hapana. Nywila hupita ndani ya njia iliyofungwa, mwenyeji haioni.

Kijana, kwa chuo chako naona faida hata bila wageni. Kama wanafunzi wote wanatumia nywila moja, ikivuja huwezi kumtoa mmoja bila kuwabadilishia wote. Kila mtu akiwa na yake, anayehitimu anafungwa peke yake. FreeRADIUS, programu ya seva hiyo, ni ya bure na inatosha. Ila usiwaache wanafunzi wajipange wenyewe kwenye simu, maana anayekubali cheti chochote cha seva anaweza kukabidhi nywila yake kwa AP ya mlaghai. Watumie programu ya geteduroam iwapangie. Na kumbukumbu za nani aliingia lini ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hivyo andikeni zitakaa muda gani na nani anaruhusiwa kuzisoma.

KijanaWaICT
Nimeelewa. Nimeandika pendekezo jipya: hosteli B kebo, swichi za 802.3at na AP za vyumbani. Ukumbi AP chache za Wi-Fi 6 kwenye chaneli za 20 MHz. Hosteli A na C tusiguse mwaka huu. Inatoka chini kabisa ya ile bei ya kwanza. Swali la mwisho: niandike nini kwenye mkataba ili nisiachiwe kazi nusu?

FundiWaya
Andika kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya vipimo, na vipimo vifanywe jioni ya siku ya masomo, hosteli ikiwa imejaa. Ndani ya kila chumba, mlango umefungwa, 5 GHz isishuke chini ya -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Kila porti ya AP isome 1 Gbps. Kasi ipimwe kwa programu ya iperf3 kutoka chumbani hadi seva ya ndani ya chuo, ili asije akasingizia laini ya intaneti. Kebo zote ziwe na namba pande zote mbili, na mchoro wake ubaki kwenu.

DadaMitandao
Na nywila kuu ya kontrola mkabidhiwe siku hiyohiyo ya vipimo.

KijanaWaICT
Yote nimeyaweka kwenye rasimu. Kikao na bursa ni Alhamisi. Mkuu wa chuo ameomba kuona grafu ya laini ya intaneti kwa macho yake, kwa hiyo naenda nayo imechapishwa pamoja na vipimo vya hosteli B.